Dodoma hadi Naivasha kwa barabara: safari ya mafunzo ya kuripoti magonjwa ya mifugo

Wenzangu kadhaa wa mikoani wameniuliza safari ya Naivasha, Kenya, ilikuwaje, nilipita njia gani na kule tulifundishwa nini hasa. Nimekaa na picha za kwenye simu, vipande vya tiketi na daftari lenye madoa ya chai, nikaona niandike mara moja, nisiwe narudia maneno kwa kila anayepiga.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: nchi wanachama wa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, WOAH, hutoa taarifa za magonjwa ya wanyama kupitia mfumo mmoja uitwao WAHIS. Dhamana kwa kawaida ni ya mkurugenzi wa huduma za mifugo, ila anayekaa mbele ya kompyuta akijaza ni mtu wa dawati la epidemiolojia, la kufuatilia magonjwa yanavyoenea, kama mimi. Mafunzo haya yalikuwa ya maofisa wa namna hiyo kutoka nchi za Afrika Mashariki. Waandaaji walikubali kurudisha nauli ya barabara, ya ndege hapana. Basi, barabara.

Jumamosi: Dodoma – Arusha

Stendi ya Nanenane, Nzuguni, kabla ya saa 12 asubuhi. Nauli shilingi 29,000, basi la daraja la kati, kiti cha dirishani. Wanaokumbuka zamani watajua jinsi Dodoma kwenda Babati ilivyokuwa vumbi na mabonde. Siku hizi ni lami tupu, kilomita 250 hivi, na dereva anajisahau kama yuko uwanjani. Mayamaya, Zamahero, mibuyu, vichaka, mbuzi wanavuka kwa raha zao. Kolo tulipita bila kusimama. Mwenye nafasi ashuke hapo akaone michoro ya miambani ya Kondoa, imo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2006.

Tulipoanza kupanda kwenda Bereku tairi la nyuma likapasuka. Tairi la akiba lilikuwepo. Jeki ndiyo haikuwepo. Kondakta akasimama katikati ya barabara akisimamisha malori, kila dereva akitoa pole na kuondoka.

Nyumba iliyokuwa karibu na barabara ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima. Hakuuliza kitu. Alituma wajukuu walete mabenchi na mkeka chini ya mti, kisha sufuria ya mahindi ya kuchemsha. Wenye watoto wadogo hakuwachukulia hata senti. Sisi wengine tulimwekea mia tano mia tano kwenye ungo, akazipokea kama mtu anayepokea jambo lisilo na uzito.

Hapo ndipo nilipokaa na mzee wa nyumba ya pili, aliyekuja kutazama basi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unakwenda wapi na begi lote hilo?"

Nikamweleza: naenda Kenya, masomo ya mifugo, namna ya kutoa taarifa za magonjwa. Akanyamaza kidogo, halafu akanihadithia mwaka wa mvua kubwa, ule wa homa ya Bonde la Ufa. Kondoo wake walitupa mimba karibu zizi zima ndani ya siku chache, wana-kondoo waliokwisha kuzaliwa wakafa mmoja baada ya mwingine. "Nilimwambia mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti akamwambia mtendaji. Bwana mifugo alifika wiki ya tatu, kwa baiskeli, tena anatoka jasho maskini. Tulikuwa tumeshauza ngozi."

"Na nyama?"

"Mwanangu, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Mlipuko ule ulianza Kenya mwishoni mwa 2006 na kuingia kwetu 2007, na mkoa wa Dodoma uliumia vibaya, mifugo na watu. Watu huambukizwa zaidi kwa kugusa damu, maji ya uzazi na viungo vya mnyama mgonjwa, na pia kwa kuumwa na mbu. Niliandika maneno ya mzee kwenye daftari palepale, kwa sababu katika miaka yangu ya ofisini sijawahi kuona fomu yenye nafasi ya wiki tatu kama hizo.

Lori la mahindi kutoka Babati ndilo lililotupa jeki, dereva akashuka mwenyewe kusaidia. Minjingu tulipita giza limeshaingia, Arusha saa tatu usiku badala ya alasiri. Gesti 30,000 na maji ya moto, bakuli la mtori 4,000, nikalala.

Kwa watakaofuata: msipange kuvuka mpaka wa Namanga siku hiyohiyo mliyotoka Dodoma. Na mtumishi wa umma asisahau nakala ya kibali cha safari ya nje, iwe mkononi, isiwe kwenye begi lililo chini ya basi.

Jumapili: Arusha – Namanga – Nairobi – Naivasha

Noah ya kwenda Namanga hujaa haraka asubuhi. 10,000, watu wamebanana. Kilomita mia na ushee, Mlima Meru ukibaki nyuma na Longido ukija mbele. Baada ya Longido nyasi zilikuwa zimekwisha kabisa, na kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka kuelekea upande ambao mimi ningehitaji pasipoti kwenda.

Namanga ni Kituo cha Pamoja cha Utoaji Huduma Mpakani: ukitoka Tanzania unagongewa mihuri yote miwili kwenye jengo la upande wa Kenya, dirisha kwa dirisha. Niliulizwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano kabla ya pasipoti. Mpaka huu una historia yake katika fani yetu: Juni 2019 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifanyia hapa zoezi la pamoja la Kenya na Tanzania, wakaigiza mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa, madaktari wa watu na wa wanyama wakishirikiana, ili kuona habari inasafirije kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Wanaobadilisha fedha watakuzunguka kabla hujashuka. Shilingi moja ya Kenya ilikuwa inakaribia 20 za kwetu. Wao walianzia mbali na hapo, wakashuka nilipoanza kuondoka. Hesabu mwenyewe, kwenye simu yako, na noti zihesabiwe mkononi mwako. Anayeweza kutuma fedha zake kwa simu kwenda laini ya Kenya atapata nafuu na usingizi.

Nyuma ya maegesho kulikuwa na malori mawili ya mbuzi. Nikamuuliza kijana aliyekaa juu ya mojawapo kama vibali vimekamilika. Akaniambia vibali viko tayari tangu jana, anayesubiriwa ni dereva, kaenda kula.

Matatu hadi Nairobi shilingi 700 za Kenya. Bissil tulisimama kwa nyama ya mbuzi, robo kilo na ugali, kachumbari ya bure. Sijala mbuzi mzuri hivyo karibuni. Kajiado bila shida. Kuanzia Kitengela ikawa foleni, na ya foleni hiyo sina cha kusimulia.

River Road jioni, Jumapili, na begi, bila kujua stendi ya magari ya Naivasha iko wapi. Konda wa matatu yetu alikuwa amekwisha kushusha watu wote na alikuwa na haki ya kwenda zake. Akasema, "Madam, hapa usiulize kila mtu," akachukua begi, akanitembeza mitaa mitatu, akanikabidhi kwa konda mwenzake: "Huyu ni mgeni wangu, akae mbele." Nilipotoa mia akaisukuma. Kutoka hapo Naivasha 400, kilomita tisini hivi, nikaona taa za bondeni kwa mbali na kuhisi masikio yakiziba.

Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Sisi wa Dodoma tunadhani tunaijua baridi. Beba sweta zito.

Jumatatu: darasani

Hoteli ilikuwa karibu na ziwa. Jambo la kwanza tuliloambiwa ni la usalama: usiku usitembee nje bila askari wa lindo, kwa sababu viboko hutoka majini kuja kula nyasi za bustanini. Usiku wa kwanza nilidhani ni utani hadi niliposikia kitu kikivuta pumzi chini ya dirisha.

Mwezeshaji alianza na historia, jambo ambalo kwa kawaida hunilaza. Safari hii hapana. Mwaka 1920 ng'ombe waliotoka bara Hindi kwenda Brazil walipitishwa bandari ya Antwerp, Ubelgiji, wakaacha nyuma yao sotoka, ugonjwa unaoua ng'ombe kwa wingi. Ulaya ikashtuka kuona hakuna njia ya nchi kuambiana. Tarehe 25 Januari 1924 nchi 28 zikasaini mkataba mjini Paris wa kuanzisha ofisi ya kimataifa ya magonjwa ya wanyama, hii tunayoiita WOAH leo. Umoja wa Mataifa ulikuwa bado miaka mingi haujazaliwa. Kazi yake ya kwanza kabisa ilikuwa hii tuliyokuja kujifunza, kupeana habari, na mengine yote yalifuata.

Halafu akafungua pazia, akaonyesha ziwa. Homa ya Bonde la Ufa ilianzia kujulikana hapa. Mwaka 1930 wana-kondoo na kondoo wenye mimba walikufa kwa wingi kwenye shamba moja la eneo la Ziwa Naivasha, na mwaka 1931 Daubney, Hudson na Garnham wakauchapisha ugonjwa huo kwa jina la bonde hili. Darasa zima likageuka kutazama nje, pamoja na mwenzetu kutoka Uganda aliyekuwa anajibu meseji.

Kiini cha siku kilikuwa taarifa ya dharura. Nchi ina saa 24 baada ya kuthibitisha tukio. Si kila ugonjwa huanzisha saa hiyo: ni pale ugonjwa ulio kwenye orodha ya WOAH, yenye magonjwa zaidi ya 100, unapoingia nchini au kwenye ukanda kwa mara ya kwanza, unaporudi baada ya kutangazwa umekwisha, inapotokea aina mpya ya kimelea, unapoongezeka au kubadilika ghafla kwa namna isiyotarajiwa, au unapoonekana kwa mnyama ambaye si kawaida yake. Ugonjwa mpya kabisa usio kwenye orodha nao una wajibu wake. Baada ya hapo ni ripoti ya ufuatiliaji kila wiki, hadi ripoti ya mwisho ya kufunga tukio, au ya kusema kwamba sasa ugonjwa umekuwa wa kudumu. Magonjwa tunayoishi nayo, kama miguu na midomo katika sehemu kubwa ya nchi zetu, huenda kwenye ripoti ya kila miezi sita. Na sisi Waafrika tuna mzigo wa pili: ripoti ya kila mwezi kwa AU-IBAR, ofisi ya Umoja wa Afrika ya rasilimali za wanyama iliyoko Nairobi, kwa mfumo wao wa ARIS.

Nikauliza: saa 24 zinaanza kuhesabiwa baada ya maabara kuthibitisha. Je, zile siku kati ya zizi na maabara anazihesabu nani? Mwezeshaji akacheka, akasema swali hilo huulizwa kila kozi, na kila mara na mtu aliyewahi kufanya kazi wilayani. Kwenye mfumo mna tarehe ya kuanza kwa tukio na tarehe ya uthibitisho. Ukizijaza kwa ukweli, pengo linaonekana na dunia nzima. Ndiyo maana wengi huzijaza zikaribiane.

Chakula cha jioni: ugali, sukuma wiki, tilapia mzima. Chai ya maziwa wakati wowote uamkao.

Jumanne: mikono kwenye mfumo

Tulipewa mlipuko wa kubuni, kondoo wanaotupa mimba karibu na Dodoma baada ya mvua, tuuingize kwenye mazingira ya mazoezi ya WAHIS. Mtu akidhani ni kazi ya karani, aketi na chumba cha maofisa wenye uzoefu aone.

Kwanza mahali. Dodoma iko latitudo -6.17 na longitudo 35.74. Ofisa aliyekaa mbele yangu hakuweka alama ya kutoa, nukta ikatua kusini-magharibi mwa Ethiopia. Mwingine alibadilisha nafasi za namba mbili hizo. Mlipuko ukaonekana baharini, pembeni kidogo ya Tangier, Moroko. "Kondoo wa Wagogo wanaogelea Atlantiki," akasema jirani yangu, na kuanzia hapo kila aliyekosea alipewa pole ya kuzama. Sisi Watanzania tuna bahati: nchi yote iko kusini mwa ikweta, alama ya kutoa ni lazima daima. Wakenya na Waganda wamekatwa katikati na ikweta, wengine minus, wengine bila. Mlipuko wa Naivasha ukiandikwa bila alama hiyo unahamia upande wa Laikipia na Baringo, mahali panapofugwa kondoo kwelikweli, na hakuna atakayeshtuka.

Kisha namba. Walio hatarini ni wanyama wote wanaoweza kuambukizwa kwenye mlipuko huo: zizi hilo na mazizi wanaochangia malisho na maji, wala si kondoo wote wa wilaya. Ukijaza wa wilaya, kiwango cha maambukizi kinashuka hadi ugonjwa unaonekana wa mchezo. Waliokufa wanahesabiwa pia ndani ya wagonjwa. Zoezi letu lilikuwa na kondoo 200 hatarini, 40 wagonjwa, 12 wamekufa. Nusu ya meza zilijaza wagonjwa 28. Waliouawa na kuteketezwa wana sehemu yao, waliochinjwa kwa biashara yao. Na ripoti ya ufuatiliaji inataka wapya wa wiki hii. Ukirudia jumla ya wiki iliyopita, baada ya mwezi una kondoo wafu wengi kuliko waliozaliwa.

Saa nane umeme ukakatika, nasi tuko mwendo mfupi tu kutoka Olkaria, kwenye mitambo ya mvuke wa ardhini inayowasha sehemu kubwa ya Kenya. Jenereta likakataa mara mbili. Mwezeshaji akasema vizuri, sasa tujaze kwenye karatasi, kwa kuwa huko wilayani ndivyo ilivyo. Saa moja ile ya karatasi ndiyo iliyotufundisha zaidi, kwa maoni yangu. Bila mfumo kukudai kisanduku baada ya kisanduku, unalazimika kujiuliza ni nini hasa ungemuuliza mfugaji kwa simu kabla salio halijaisha.

Ushauri: njooni na kompyuta yenye betri inayokaa, na akaunti yenu ya WAHIS iwe imeshafunguliwa kabla ya safari. Wenzetu waliokuja bila akaunti walipoteza asubuhi nzima.

Jumatano: hofu

Asubuhi ilikuwa ripoti ya miezi sita. Kuna tofauti kati ya kuandika kwamba ugonjwa haupo na kuandika kwamba hakuna taarifa. La kwanza ni dai linalohitaji ushahidi wa ufuatiliaji, la pili ni ukweli wenye aibu kidogo. Mimi nachagua aibu.

Mchana mjadala ukawaka. Mwenzetu mmoja, na nchi yake naiacha, alisema wazi kwamba taarifa ikikaa tayari kutumwa huanza kupandishwa ngazi: huyu asome, yule asome, waziri yuko safarini. Kinachoogopwa ni soko. Mwezeshaji akajibu kwa kanuni: tangu 1995 mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu afya ya wanyama na mimea unazitaka nchi kuweka masharti kwa ushahidi wa kisayansi, na viwango vya WOAH ndivyo rejea. Nchi inaweza kugawanywa kanda, ugonjwa wa upande mmoja usifunge mwingine. Anayeficha, akigunduliwa bandarini, hufungiwa nchi nzima, na neno lake halisadikiwi tena.

Kanuni ni nzuri. Lakini mzee mmoja wa fani kutoka upande wa Pembe ya Afrika alisimama, akauliza kwa upole: mwaka 2000 homa ya Bonde la Ufa ilipofika Saudi Arabia na Yemen, mara ya kwanza kuonekana nje ya Afrika, Saudi Arabia ilizuia mifugo ya Somalia hadi 2009. Miaka tisa. Watu wake walikula kanuni ipi? Hakuna aliyemjibu vizuri, na nadhani jibu zuri halipo. Nilichokiona mimi ni kwamba nchi zilizokuwa na kumbukumbu za ufuatiliaji, na maabara, na watu wa kupiga simu, zina cha kupeleka mezani siku ya kuomba soko lifunguliwe. Asiye na kumbukumbu hana hata pa kuanzia kuomba.

PPR, sotoka ya mbuzi na kondoo, ilitajwa sana. Kwetu ilithibitishwa 2008 kule Ngorongoro, na damu za mbuzi zilizohifadhiwa zikaja kuonyesha kwamba kirusi kilikuwepo miaka kadhaa kabla. Dunia imejiwekea lengo la kuumaliza ifikapo 2030. Ukiwaza miaka ile ya ukimya, na malori ya mbuzi ya Namanga, unaona kazi ilipo.

Alhamisi

Nusu siku ya mitihani na vyeti, picha ya pamoja, kisha boti ziwani kwa waliopenda. Nililala.

Ijumaa: Naivasha – Muguga – Nairobi – Namanga

Daktari mmoja Mkenya aliyekuwa anarudi Kikuyu alinipa lifti asubuhi na mapema, akakataa kabisa mchango wa mafuta. Juu ya ukingo wa bonde tulisimama kwenye vibanda vya ngozi za kondoo; bei ya kwanza ilikuwa ya Wazungu, ya pili ya Wakenya, na ya tatu, baada ya mimi kutaja Dodoma na msiba wa tairi, tukaelewana. Ngozi moja 1,500 za Kenya. Mahindi ya kuchoma 50.

Kabla ya Kikuyu akapunguza mwendo, akaonyesha kibao cha Muguga. Ndipo alipofanya kazi Walter Plowright, kwenye shirika la utafiti wa mifugo la Afrika Mashariki yote, akatengeneza chanjo ya sotoka ya kukuzwa kwenye seli karibu na mwaka 1960. Sotoka ya miaka ya 1890 iliwamaliza ng'ombe wa Wamaasai na njaa ikawamaliza watu. Chanjo ile, pamoja na watembezaji chanjo wa vijijini, ndiyo iliyoufuta ugonjwa. Mara ya mwisho ulionekana kwa nyati wa Meru, hapa Kenya, 2001, na 2011 dunia ikatangaza umekwisha. Daktari akasema baba yake alikuwa mmoja wa waliotembea na mabox ya barafu kaskazini. Wafugaji ndio walioleta habari za ng'ombe wenye machozi na kuhara, wakitembea siku mbili kufikisha. Chanjo peke yake, alisema, isingejua pa kwenda.

Nairobi hadi Namanga bila tukio. Nilivuka saa kumi na moja jioni, nikalala upande wetu, gesti 25,000, chapati na maharage 2,500.

Jumamosi na Jumapili

Namanga, Arusha, Babati, Dodoma, na mara hii jeki ilikuwepo. Niliuliza kabla ya kupanda.

Kwa wenye kurejesha masurufu: matatu hazitoi risiti njiani. Nenda kwenye dirisha la sako, ushirika wa wenye matatu, stendini kabla ya kupanda, mwambie ni safari ya kikazi, atakuandikia. Noah ya Namanga usihangaike nayo, hiyo andika mwenyewe na uombe Mungu mhasibu awe na moyo.

Jumatatu, ofisini

Nimetoa orodha ya namba za maofisa mifugo wa kata tuliyokuwa tukiitumia na kuanza kupiga, kata kwa kata. Nyingi hazipatikani. Wengine wamehamishwa, mmoja amestaafu na bado anapokea simu za wafugaji, anasema watu hawana namba nyingine. Nimemwomba aendelee kupokea, na namba yangu nimempa. Kila ninayempata namwuliza mambo matatu: ukisikia wanyama wanatupa mimba utampigia nani, chupa za kuwekea damu unazo, mafuta ya pikipiki yanatoka wapi. La tatu ndilo refu. Kondoa nimemaliza, kesho naanza Chemba. Mwenye namba mpya za Mpwapwa anitumie.